Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Njia ya Sigi hadi Amani

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Muheza. Juzi nilipanda kwa miguu kutoka Sigi hadi Amani, kule Usambara Mashariki, na magoti bado yananidai. Nilivaa raba zilizokwisha soli. Kijana aliyetuongoza alivitazama viatu vyangu, akanikatia fimbo, akanyamaza kwa adabu.

Sigi ndipo ilipokomea reli nyembamba ya Wajerumani iliyotoka Tengeni. Nyumba ya stesheni masta ingalipo. Treni iliishia hapo. Sisi tukaukabili mlima.

Ndani ya msitu kitu kikavuma juu ya vichwa vyetu, vuu, vuu, kama mashine. Hondohondo! "Hao ndio wapanda miti wetu," kijana akacheka. Wanakula matunda ya Maesopsis, mti uliopandwa huku enzi za ukoloni, kisha wanadondosha mbegu kila wanakopita. Leo mti huo umejipenyeza hadi kwenye msitu wa asili. Nimezaliwa wilaya hii, na hilo sikulijua.

Huko juu, karibu mita 900, tukatokea kwenye majengo ya taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Waingereza wakaichukua, na baadaye pakawa kituo cha utafiti wa malaria. Nilikuwa nimeshaanza kupiga picha za mapaa kijana aliposema, "Babu yangu alikuwa mkamata mbu hapa."

Mkamata mbu! Akanieleza: unakaa usiku kucha, suruali umekunja hadi magotini, mrija mdomoni. Mbu akitua mguuni unamfyonza kabla hajauma, unamtia kikombeni. Ukisinzia, umeumwa.

Mheshimiwa, mabwana wakubwa wa Amani wameshaandikwa vya kutosha. Ombi langu ni moja: tuma watu wenye vinasa sauti wakawasikilize wazee waliofanya kazi pale, wakamata mbu, wapishi, watunza bustani, kisha simulizi zao wafundishwe vijana wanaoongoza wageni. Najua utafiti wa malaria uko chini ya wizara nyingine. Lakini msitu ni wako, na njia tuliyopanda ni yako.

Babu yule nilimkuta barazani kwake, ana miaka themanini na ushei. Asubuhi anazungumza vizuri sana. Ikishapita adhuhuri hulala. Watu wako wakija, waje mapema.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Muheza