Mjomba, mbao mpya haziifanyi ndege kuwa ya uongo

Shikamoo Mjomba,

Ulipoziona picha za ile DH.9, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyorushwa tena Uingereza mwaka 2019, ulicheka ukasema hiyo si ndege ya vita, ni fanicha mpya yenye injini. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye maoni kama yako ni wengi.

Ndege hiyo ilitoka Bikaner, India. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Uingereza iligawa ndege zake za ziada katika himaya yake, na baadhi zikafika kwa maharaja wa huko. Miaka ya 1990 mabaki yake, pamoja na ya nyingine za aina hiyo, yalikutwa katika zizi la zamani la tembo, ndani ya eneo la kasri. Mbao nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa, ndiyo maana zikachongwa upya.  

Sasa tuseme mchwa hawakufika, na bawa limekutwa zima, limenyooka. Bado fundi mwenye akili hatalirusha. Mbao nyingi za enzi zile ziliungwa kwa gundi ya kasein, inayotengenezwa kwa maziwa. Unyevu ukiingia, kuvu huila gundi hiyo ndani ya kiungo, mahali ambapo jicho halifiki. Nje utaona mbao safi, ukigonga inalia vizuri, kumbe kilichobaki kati ya vipande viwili ni unga tu. Kwa hiyo bawa la zamani hulazwa mezani na kupimwa kila ubavu, kisha jipya huchongwa kwa vipimo vile vile na kuungwa kwa gundi ya kisasa. Vile vyuma vidogo vya kushikia mbao na nyaya ndivyo vyenye thamani kubwa, hata vikiwa na kutu, maana matundu yake humwambia fundi mbao ilikaa wapi na kwa pembe gani.

Halafu, Mjomba, hata vitani ndege hizi hazikubaki na mwili mmoja. Kitambaa cha kitani kilichovalishwa mabawa kilichoka kwa jua na mvua, kikavuliwa na kuvalishwa kingine. Bawa likivunjika, lilifungwa jingine kutoka stoo. Huo uhalisi unaoudai haukuwepo hata mwaka 1918.

Ila hapa niko upande wako: wapo wanaoanza na kibati cha namba na vyuma viwili vitatu, wakajenga kila kitu upya, kisha wakaiita ndege ya vita. Hiyo ni nakala, hata iruke vizuri namna gani. Na si kila mabaki yanafaa kurushwa. Katika zile za Bikaner, moja imewekwa makumbusho ya Duxford, Uingereza, na hairuki, na mimi naona huo ndio mgawanyo wa haki: moja itunze ushahidi, nyingine itusikilizishe injini.

Basi siku ukiikuta moja uwanjani, usimuulize mwenyewe kama ni halisi, atakujibu ndiyo tu. Mwombe daftari la kazi lenye picha za kila kipande kabla hakijaguswa. Akibabaika, cheka utakavyo.

Mpwa wako