Neno la siri limepotea, barua hazifunguki: huo si utapeli

Kuna mteja wetu, mwenye ofisi ya uwakili hapa Dar es Salaam, anawaambia watu kwamba tumemlia hela. Alilipia huduma ya kusimba barua pepe zinazohifadhiwa kwenye seva, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo, neno la siri la kisanduku kimoja likapotea, akatupigia, tukamjibu kwamba barua zile hatuwezi kuzifungua. "Kaka, nyie si ndio mafundi? Funguo zote si mnazo?" Hatuna. Alilipia sisi tusiwe nazo. Na kwa kuwa si wa kwanza kulalamika hivyo, tumeona tueleze jambo lenyewe lilivyo, na bei yake.

Tuanze na lile kufuli dogo unaloliona kwenye kivinjari. Hilo linalinda barua ikiwa njiani tu. Cheti chake kinapatikana bure kwa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, na hatujawahi kumtoza mtu hata shilingi. Barua ikishafika kwenye seva inakaa kwenye diski kama faili la kawaida. Sisi tunatumia Dovecot, programu ya seva inayotunza barua, na mpangilio wa Maildir, kila barua na faili lake, ndani ya folda inayoitwa cur. Aliyeibeba diski, au aliyefanikiwa kuingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa seva, anasoma zote bila kutoa jasho.

Mkurugenzi mmoja alitubishia hapo. Alikuwa amefungua faili la barua yenye kiambatisho, akaona kurasa kwa kurasa za herufi zisizosomeka, akasema, "Si hii hapa imeshasimbwa? Mnaniuzia nini tena?" Zile herufi ni base64, namna tu ya kusafirisha viambatisho, na kompyuta yoyote inazigeuza papo hapo. Tukazigeuza mbele yake, ikatoka orodha ya mishahara ya ofisi nzima. Akafunga mlango, ndipo akauliza bei.

Kusimba kwenyewe tunatumia mail_crypt, kiongezi cha Dovecot. Kila kisanduku kinapewa jozi ya funguo. Ufunguo wa wazi unasimba kila barua inayoingia, hata kama mwenyewe kalala. Ufunguo wa siri ndio unaofungua, nao umefungwa kwa neno la siri la mwenye kisanduku. Ukilichungulia faili baada ya hapo, mwanzoni unaona neno CRYPTED, kinachofuata ni fujo tupu, na fujo hiyo hakuna wa kuigeuza kama base64.

Sasa turudi kwa wakili wetu. Katibu muhtasi aliacha kazi. Kijana anayewasaidia kompyuta akaingia kwenye paneli, ule ukurasa wa kusimamia visanduku, akakiandikia kisanduku cha katibu neno la siri jipya, akaona kimefunguka, akafurahi. Folda zinaonekana, vichwa vya barua vingine vinaonekana, lakini ukibofya barua, hitilafu. Paneli ilibadilisha neno la kuingilia tu. Ufunguo wa siri ulibaki umefungwa kwa lile la zamani. Kuna amri maalumu ya kubadilisha neno linaloufunga ufunguo, na inadai neno la zamani kabla ya kukubali jipya. Kibaya zaidi, barua mpya za wateja wao ziliendelea kuingia na kusimbwa kwa ufunguo uleule. Kila siku waliyokaa kimya ilikuwa inaongeza barua zisizosomeka na mtu.

Walipotuita, swali letu la kwanza lilikuwa kompyuta ya katibu iko wapi, maana mara nyingi kivinjari au Outlook huwa imelihifadhi neno la zamani, na hapo kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Kompyuta ilikuwa imeshapigwa Windows upya, kapewa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Tulimtengenezea wakili ufunguo mpya, barua mpya zinasomeka. Za nyuma zipo kwenye diski salama salimini, zinasubiri neno ambalo katibu mwenyewe anasema halikumbuki. Tulitoza muda wa fundi, na ankara hiyo ndiyo inayozungushwa mjini.

Wengine watauliza kwa nini hatukuweka ufunguo wa akiba. Tunauweka, kwa anayetaka. Dovecot inaruhusu pia ufunguo mmoja wa seva nzima, ambao tunautunza sisi. Ukisahau neno la siri tunakupa jipya na maisha yanaendelea. Lakini hapo ujue fundi wetu akitaka kusoma barua zako anaweza, na atakayeiteka seva pamoja na ufunguo anaweza. Maduka na watu wa utalii wengi tunawashauri wachukue huo, unawatosha. Mawakili na hospitali tunawaeleza yote mawili, wachague kwa maandishi. Wakili wetu alichagua ule ambao hatuwezi kuufungua. Sahihi yake tunayo.

Na hata huo wenye neno la siri la mwenyewe hatuuzi kama kinga ya kila kitu. Unapoingia kwenye kisanduku chako, neno lako linapita kwenye seva na ufunguo unafunguliwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Mwizi aliyejificha ndani ya seva inayofanya kazi anaweza kukuvizia hapo. Somo lake ni Lavabit, kampuni ya barua pepe ya Marekani. Barua za wateja wake waliolipia zilihifadhiwa zikiwa zimesimbwa kwa maneno yao ya siri, hivyo mwaka 2013 serikali ya huko ilidai ufunguo wa kampuni nzima wa TLS, ule ulinzi wa njiani wa kufuli la kivinjari, ambao ungewezesha kuyanasa maneno hayo yakiwa njiani. Ladar Levison, mwenye kampuni, alianza kwa kuwapa ufunguo umechapwa kwenye kurasa 11 kwa maandishi madogo kupita kiasi, mahakama ikaukataa, na tarehe 8 Agosti akafunga huduma. Anayetaka hata seva yenyewe isiweze kumsoma atumie PGP, programu ya kusimba barua kabla haijatumwa, kwenye kompyuta yake, na akumbuke kwamba kichwa cha barua kwa kawaida hubaki wazi.

Chini ya mail_crypt tunaweka LUKS, inayosimba diski nzima. Watu wanatuuliza kwa nini wanalipia mara mbili. Kwa sababu mail_crypt haigusi kila kitu. Faharasa za Dovecot, orodha zake za kuzipata barua haraka, zinabeba majina ya watumaji na vichwa vya barua, na ukitaka utafutaji wa haraka ndani ya barua, faharasa yake inahifadhi maneno yenyewe ya barua zako, wazi kabisa. Foleni ya Postfix, programu inayopokea na kutuma barua, nayo iko wazi. Diski ikiibwa bila LUKS, mwizi hata asipoupata mkataba wenyewe anajua umeandikiana na nani kuhusu nini. Kwa wakili hiyo peke yake inatosha kumfukuzia wateja.

Kwa LUKS ndipo wateja wenye seva zao ofisini wanapofanya ile njia ya mkato. Umeme ukikatika na betri ikaisha, seva ikiwaka inasimama ikidai neno la siri la diski. Saa kumi na moja alfajiri nani yuko ofisini? Basi wanaweka ufunguo kwenye flashi, flashi wanaichomeka nyuma ya seva, na inabaki hapo mwaka mzima. Ni kufuli lenye ufunguo wake unaning'inia. Zahanati moja ilivunjwa usiku, wezi wakabeba seva na flashi yake. Mganga mfawidhi alipotupigia alisema, "Angalau imesimbwa." Ilibidi tumwambie ukweli. Wakati huo alikuwa ameshakataa huduma yetu ya kufungua diski kwa mbali, ambapo seva ikiwaka fundi anaingia kwa SSH, njia salama ya kuiendesha mashine kwa mbali, anaandika neno, na ufunguo haukai popote kwenye mashine. Aliona malipo ya fundi wa usiku ni makubwa. Hesabu ya kompyuta mpya, wagonjwa wa kuarifiwa, na barua za kueleza kilichotokea tulimwachia apige mwenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Tunaitaja kwa sababu bado kuna wanaodhani suala la taarifa za wagonjwa linahusu hospitali kubwa peke yake.

Bei sasa. Programu za seva tulizozitaja zote ni za bure, na wateja wanalijua hilo, ndiyo maana wanatuletea vijana wanaosema watafanya kwa elfu hamsini. Kuwasha mail_crypt ni mistari michache. Lakini inasimba barua zinazoingia kuanzia siku hiyo. Za miaka ya nyuma zinabaki wazi vilevile. Sisi tunaziandika upya zote kwenda diski mpya yenye LUKS, tunalinganisha idadi folda kwa folda, kisha diski ya zamani tunaifuta au tunaiponda mbele ya mteja, maana kwenye SSD, diski za kisasa zisizozunguka, hufuti faili moja ukawa na uhakika limeondoka. Kichwa cha LUKS, sehemu ya mwanzo ya diski inayobeba funguo zake, tunakiwekea nakala nje ya mashine. Kikiharibika bila nakala, neno la siri sahihi halitakusaidia kitu. Kazi hiyo inafanyika usiku ofisi ikiwa imefungwa, na ndiyo unayoilipia. Kuna ofisi tuliyoikuta imesimba seva vizuri tu, halafu mhasibu anavuta barua zote kwa IMAP, njia ya kawaida ya programu kusoma barua kutoka kwenye seva, kila Ijumaa na kuziweka kwenye diski ya nje ndani ya droo. Zote wazi, maana zikivutwa hivyo seva inazisimbua kwanza.

Kwa hiyo mfanyakazi akiaga, tupigie simu akiwa bado ameketi mezani pake. Ataandika neno la zamani mwenyewe, wewe utaandika jipya, ufunguo utafungwa upya, na hatutozi chochote. Kijana wa kompyuta mwambie asiguse paneli, na mashine ya anayeondoka isipigwe Windows mpaka tumemaliza.