Samaki mmoja akioza, mahakamani haitoshi

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku Ngamiani hatujambo sote, bibi yako kifua kimetulia, na mama yako anakusalimu sana.

Simu yako ya Ijumaa imenikaa kichwani. Ulisema mmepewa kazi kuhusu kesi ya waliomuua Rais Abraham Lincoln wa Marekani, na kwamba umeshaandika kuwa wote walistahili kitanzi kwa sababu walikula njama pamoja: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Salio liliniishia kabla sijakujibu, na ni heri, maana hili si jambo la kulimaliza kwa simu. Mimi nimekaa kwenye meza ya karani wa mahakama mpaka nikastaafu. Majalada ya watu walioshtakiwa kwa pamoja yamepita mikononi mwangu mengi, na kila mmoja ndani ya jalada lile ana jina lake, maelezo yake na ushahidi wake. Methali yako ni nzuri sokoni. Wewe unasomea sheria, kwa hiyo naomba uiweke kando unisikilize.

Lisilo na ubishi tulimalize kwanza. Usiku wa Ijumaa Kuu, 14 Aprili 1865, mwigizaji maarufu John Wilkes Booth aliingia katika kibanda alichokaa rais kwenye ukumbi wa Ford's Theatre, Washington, akampiga Lincoln risasi ya kisogoni. Rais alikata roho kesho yake saa 1 na dakika 22 asubuhi. Booth alikimbia na mguu uliovunjika. Tarehe 26 Aprili askari walimzingira kwenye banda la tumbaku huko Virginia, wakalitia moto, na sajini mmoja akampiga risasi ya shingo. Muuaji mwenyewe hakufika mbele ya hakimu yeyote. Hasira yote ya nchi iliyokuwa inatoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambayo ilikuwa imwangukie yeye, ikawaangukia waliobaki hai.

Walioshtakiwa walikuwa wanane. Lewis Powell na David Herold sitawatetea. Usiku uleule Powell alibisha hodi nyumbani kwa waziri wa mambo ya nje, William Seward, ambaye alikuwa kitandani baada ya ajali ya gari la farasi. Akasema ameleta dawa kutoka kwa daktari. Alipozuiwa ngazini alimpiga mtoto wa waziri kwa bastola mpaka fuvu likapasuka, kisha akaingia chumbani akamkatakata mgonjwa usoni kwa kisu. Seward alipona, Mungu ndiye ajuaye namna gani. Herold ndiye aliyemwonyesha Powell nyumba, na baadaye ndiye aliyekuwa na Booth mpaka kwenye lile banda.

Wa tatu, George Atzerodt, alipangiwa kumuua makamu wa rais, Andrew Johnson. Alipanga chumba hoteli ileile aliyokaa Johnson, akashuka kwenye baa, akanywa, moyo ukamwishia, akaondoka zake. Hakumgusa mtu. Alinyongwa pamoja na Powell na Herold. Hapa mimi nasita, lakini sisiti sana: alijua watu watauawa usiku ule na alinyamaza. Neno moja kwa polisi lingetosha.

Sasa tazama hawa. Samuel Arnold na Michael O'Laughlen walikuwa marafiki wa utotoni wa Booth. Mpango wao wa kwanza haukuwa kuua, ulikuwa kumteka rais ili abadilishwe na wafungwa wa vita wa upande wa Kusini, uliokuwa ukipigana na serikali yake. Tarehe 17 Machi walimvizia njiani, rais hakupita, na baada ya hapo wawili hawa wakajitoa. Siku ya mauaji Arnold alikuwa mbali kabisa, amepata kazi ya ukarani Fort Monroe, Virginia. Wote wawili walifungwa maisha. Njama ya kuteka ni kosa, sikatai. Lakini je, aliyekubali kuteka na kisha akajitoa anabeba damu ya mauaji yaliyopangwa baada yake? Swali hilo halimo kabisa kwenye kazi uliyonisomea, na ndilo ningeanza nalo.

Halafu Edman Spangler, seremala wa ukumbi. Booth alifika na farasi mlango wa nyuma akamwomba amshikie. Spangler alikuwa na kazi ya kubadilisha mapazia jukwaani, akamwita kijana mwingine amshike. Miaka 6 jela. Na Dokta Samuel Mudd, aliyemfunga Booth mguu alfajiri ya tarehe 15, akadai hakumtambua. Mudd alikuwa amekutana na Booth kabla ya siku ile, kwa hiyo maneno yake yana shimo, nami simwoni kuwa mtu safi. Lakini alifungwa maisha.

Aliyenifanya nikuandikie hasa ni Mary Surratt.

Alikuwa mjane wa miaka 42, ana nyumba ya kupangisha Washington, ambako Booth na wenzake walikuwa wakija kuonana na mwanawe, John. Mashahidi wakubwa dhidi yake walikuwa wawili. Mmoja, John Lloyd, alikodi baa ya mama huyo kijijini. Alisema siku ya mauaji mama alimwambia aziweke tayari zile bunduki, zitakuja kuchukuliwa usiku. Lloyd alikuwa mlevi, na siku ile alikuwa amelewa. Bunduki zenyewe zilikuwa zimefichwa kwake, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kumtafutia mzigo huo mtu mwingine wa kuubeba. Wa pili, Louis Weichmann, alikuwa mpangaji wake, rafiki wa mwanawe tangu shule. Juu ya hao likaja jambo moja baya: usiku wa 17 Aprili, maofisa wakiwa ndani ya nyumba yake, Powell alitokea mlangoni na sururu begani, akisema ameitwa kuchimba mfereji. Mama akaapa hamjui. Kumbe Powell alikuwa amewahi kulala chini ya paa lake.

Je, alikuwa na hatia? Naona alijua kitu. Kiasi gani, ushahidi ule hauwezi kutuambia, na mtu hanyongwi kwa kiasi kisichojulikana.

Waliomhukumu walikuwa maofisa wa jeshi 9, ingawa yeye na wenzake wote walikuwa raia, na mahakama za kiraia za Washington zilikuwa wazi, mahakimu wapo, makarani wapo. Kura za wengi tu zilitosha kumtia mtu hatiani, na theluthi mbili zilitosha kumuua. Kisha watano kati ya hao tisa waliomhukumu kifo waliandika karatasi ya kumwombea kwa rais afungwe maisha, kwa kuangalia kuwa ni mwanamke na umri wake. Johnson, aliyekuwa sasa ndiye rais, alisema hakuiona karatasi hiyo. Joseph Holt, mwendesha mashtaka mkuu wa jeshi, alishikilia kwamba alimwonyesha. Walibishana hadharani miaka mingi baadaye. Mimi niliyefanya kazi ya majalada nakwambia, karatasi moja inayokaa mahali pasipo pake inaweza kuwa shingo ya mtu.

Mary na wale watatu, Powell, Herold na Atzerodt, walisomewa hukumu tarehe 6 Julai mchana. Tarehe 7 wakanyongwa. Hakukuwa na pa kupeleka rufaa. Kwetu hapa aliyehukumiwa kunyongwa anakwenda Mahakama ya Rufani, na baada ya hapo bado Rais lazima atie saini. Kule ilikuwa kulala na kuamka. Asubuhi hiyo mawakili wa Mary walimwendea Jaji Andrew Wylie, akatoa amri mfungwa aletwe mbele yake, ile habeas corpus mnayofundishwa mwaka wa kwanza. Jenerali Hancock, mkuu wa jeshi aliyewashikilia wafungwa, alifika mahakamani, lakini mikononi alikuwa na karatasi ya rais: amri hiyo imesitishwa. Binti wa Mary, Anna, ambaye hakukuzidi sana umri, alikimbilia Ikulu kumlilia rais akazuiwa ngazini. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo, nikakufikiria wewe.

Utaziona picha za siku ile, Alexander Gardner alizipiga. Usizipite haraka. Jua ni kali, watu wamesimama na miavuli juu ya jukwaa la kunyongea. Mama amevaa nguo nyeusi, ameketi, na mwavuli umeinuliwa juu yake asichomwe na jua wakati anasomewa amri ya kifo chake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kunyongwa na serikali kuu ya Marekani.

Na mwanawe? John Surratt ndiye serikali iliyemtaka hasa, kichwa chake kilitangaziwa zawadi ya dola 25,000. Siku ya mauaji alikuwa Elmira, New York. Alivuka kwenda Kanada, akafichwa na padri, na muda wote mama yake anahukumiwa yeye alikuwa huko, hai, hakutokea. Mimi ni mzazi, na hili siwezi kulisamehe, ingawa wapo wanaosema hakuambiwa hatari ilivyokuwa. Baadaye alikwenda Uingereza, kisha Roma, akajiunga na askari wa Papa kwa jina la uongo. Mtu aliyemfahamu akamtambua. Alikamatwa Novemba 1866, akawatoroka walinzi wake kwa kuruka bondeni, akafika mpaka Alexandria, Misri, na huko ndiko alikokamatwa tena na kurudishwa.

Sasa shika kalamu. Katikati ya mambo hayo, mwaka 1866, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Milligan kwamba raia hawezi kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mahali ambapo mahakama za kiraia zinafanya kazi. Kwa hiyo John alipopandishwa kizimbani mwaka 1867, alikutana na jaji wa kiraia na raia 12 ambao lazima kauli yao iwe moja. Lloyd na Weichmann wakaja tena na ushahidi wao. Safari hii ukapimwa: wanane wakasema hana hatia, wanne wakasema anayo. Hawakuafikiana, na mwishowe akaachiwa. Mwaka 1870 alisimama mbele ya watu Maryland akakiri mwenyewe kwamba alikuwa ndani ya mpango wa kuteka. Aliajiriwa na kampuni ya meli Baltimore, akaoa, akazaa, akafa kitandani mwaka 1916.

Mama amenyongwa, mwana ameishi karibu miaka 51 baada yake. Mashahidi ni walewale. Kilichobadilika ni nani alikaa kwenye kiti, na hasira ilikuwa imepoa kiasi gani. Hili liandike, mwanangu, maana hili ndilo kiini cha kesi yote.

Wala usidhani ni mambo ya Wamarekani tu. Sisi wa Pwani tuna 7 Aprili 1972, Mzee Karume alipopigwa risasi Kisiwandui akicheza bao. Msiba ule ulivuka bahari ukafika kila baraza hapa Tanga. Waliokamatwa Unguja walishtakiwa bila kuruhusiwa mawakili. Abdulrahman Babu, waziri wa zamani aliyeshtakiwa katika kesi hiyohiyo, alikuwa amewekwa kizuizini huku Bara. Mwalimu Nyerere alikataa kumpeleka, akahukumiwa kifo Unguja bila kuwepo, na mwaka 1978 akaachiwa. Aliishi mpaka 1996. Kumlilia Karume na kuuliza kesi iliendeshwaje ni mambo mawili yanayokaa katika moyo mmoja bila kugombana. Mimi ninayo yote mawili.

Turudi Marekani. Wale wanne waliofungwa walipelekwa Fort Jefferson, ngome ya visiwani mbali na pwani ya Florida. Mwaka 1867 homa ya manjano iliingia ngomeni, ikamuua daktari wa jeshi, ikamuua O'Laughlen. Mudd akashika kazi ya kutibu askari waliokuwa wakimlinda, nao wakaandika kumwombea. Johnson aliwasamehe wote watatu waliobaki mapema mwaka 1869, wiki za mwisho za urais wake. Spangler, yule seremala wa farasi, hakuwa na pa kwenda, akaenda shambani kwa Mudd, akapewa kipande cha ardhi, akaishi huko mpaka kifo chake mwaka 1875. Mudd alikufa 1883. Arnold alibaki mpaka 1906.

Kwa hiyo kabla hujakabidhi kazi yako, rudi kwenye ile sentensi ya "wote". Waandike majina yao wanane, na chini ya kila jina weka alichofanya, nani amesema, na huyo aliyesema alikuwa na faida gani. Ukimaliza nitumie kwa WhatsApp nisome kabla mwalimu wenu hajaiona. Mama yako anauliza kama ule mchele na zile dagaa alizompa dereva wa basi zimekufikia. Ukizipata mpigie yeye, usinipigie mimi, atafurahi.

Baba yako,
Tanga