Tusomeane kwa kuonyeshana mahali penye kasoro

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu namna sisi tunaoshika kalamu tunavyosomeana miswada. Mtu akikuletea hadithi yake uipitie, jibu jepesi ni "hongera, kazi nzuri," naye huondoka amefurahi lakini hana jipya la kufanya na kazi yake. Wako pia wanaodhani kuhakiki ni kuponda, wakamwambia mwenzao kwamba hadithi haina ladha, wasiseme imechachia wapi. Mwenye kusifu na mwenye kuponda, kwa maoni yangu, wamefanya kosa lile lile, kwani hakuna kati yao aliyeweka kidole kwenye sentensi.

Maoni yanayomfaa mwandishi husema kwamba katika ukurasa wa tatu msomaji alishindwa kujua ni nani anayezungumza, au kwamba mhusika aliyeogopa maji mwanzoni anaogelea mwishoni bila kuelezwa kilichomwondolea hofu. Mambo hayo mwandishi ni vigumu kuyaona mwenyewe, kwa sababu anapojisoma, kichwa chake hujaza yale ambayo karatasi haina, ilhali msomaji ana karatasi peke yake.

Mshairi T. S. Eliot, kabla ya kuchapisha shairi lake refu la The Waste Land mwaka 1922, alimpa mswada mshairi mwenzake Ezra Pound, ambaye aliufyeka hadi ukabaki karibu nusu. Wengi hukumbuka kufyekwa huko tu. Mimi hupenda zaidi kilichofuata: sehemu ya nne ilipobaki mistari 10, Eliot aliuliza kama haingekuwa heri kuifuta yote, na Pound, yule yule mwenye kalamu kali, akamshauri aiache. Mhakiki anayejua cha kukata hujua pia cha kulinda, na mwandishi aliyekwisha kuvunjika moyo huhitaji kuambiwa hilo waziwazi.

Nakiri kwamba kupokea ni kugumu kuliko kutoa. Niliwahi kununa siku kadhaa kwa sababu ya aya moja iliyopigiwa mstari, na nilipoirudia nikaona kuwa msomaji wangu alikuwa sahihi kuhusu mahali penye kasoro, ingawa dawa aliyopendekeza haikufaa, nikatafuta yangu. Tangu hapo sijibu maoni siku ninapoyapokea.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti linapochapisha hadithi na mashairi ya wasomaji, tafadhali liweke chini yake mistari miwili mitatu ya mhariri, ikitaja sentensi moja iliyosimama vizuri na moja iliyoyumba, pamoja na sababu. Nami nitaleta hadithi yangu iwe ya kwanza kupitiwa hivyo.

Wako,
Msomaji na mwandishi anayejifunza