Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Umisheni wa Wamoravian na Vitabu Vilivyobaki Mikononi Mwetu

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati mambo mawili. La kwanza, kueleza kwa ufupi jinsi umisheni wa Kanisa letu ulivyofika mbali kiasi kile, ili vijana wanaojiunga na chama chetu cha kutunza vitabu vya zamani vya Kanisa wajue wanatunza nini. La pili, kusema wazi hali ya vitabu vya zamani katika shirika zetu, yaani kila ushirika wa mahali. Nimeyaweka katika taarifa moja kwa sababu hayatenganiki. Watu wachache walisambaa duniani, na popote walipofika waliandika. Maandishi yao yakitoweka, kazi yao itabaki kama uvumi tu.

Herrnhut, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani, ulianza tarehe 17 Juni 1722, siku ambayo seremala Christian David alikata mti wa kwanza kwenye ardhi ya Nikolaus von Zinzendorf. Waliohamia pale walikuwa wakimbizi kutoka Moravia, warithi wa Kanisa la Ndugu lililoanzishwa Bohemia mwaka 1457, miaka 42 baada ya mwanamatengenezo Jan Hus kuchomwa moto. Mwaka 1731, huko Copenhagen, Zinzendorf alikutana na Anton, Mwafrika aliyekuwa mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas, koloni la Denmark katika Karibi. Anton ndiye aliyewaeleza watu wa Herrnhut hali ya ndugu zake kule. Kwa hiyo umisheni wetu ulianza kwa mwito wa Mwafrika, na tungependa jambo hili lifundishwe kwanza katika madarasa ya kipaimara.

Tarehe 21 Agosti 1732 Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka. Walitua St. Thomas tarehe 13 Desemba. Kila mmoja alitarajiwa kula kwa jasho lake, na hapo ndipo mpango ulipokwama: udongo wa kisiwa haukufaa kwa vyungu, ufinyanzi wa Dober ukashindikana, wakaishi kwa useremala wa mwenzake. Mwaka 1733 wengine walikuwa Greenland, 1735 Suriname, 1737 Afrika Kusini, na 1771 Labrador, Kanada ya leo. Utaratibu wa kujitegemea haukuachwa. Huko Paramaribo, mji mkuu wa Suriname, ulizaa kampuni ya Kersten, iliyoanzishwa mwaka 1768.

Kilichoviunganisha vituo hivi ni kalamu. Kila kituo kiliandika shajara: nani kabatizwa, nani kafariki, mvua imenyeshaje, ugomvi gani umetokea. Shajara zilipelekwa Herrnhut, zikafupishwa, zikanakiliwa kwa mkono, kisha zikarudishwa vituoni na kusomwa kwa sauti mbele ya ushirika siku maalumu ya mwezi. Hivyo Mkristo wa Greenland alijua habari za wenzake wa St. Thomas, akawaombea. Juu ya hayo, kila mshirika alihimizwa kuandika wasifu wa maisha yake angali hai. Alipofariki, wengine waliongeza siku zake za mwisho, na wasifu ukasomwa kwenye maziko. Anayesikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa kwenye misiba yetu ataona undugu uliopo.

Maandishi hayo yalifika hata mahali ambapo waandishi hawakukusudia. Vipimo vya joto na hewa vilivyoandikwa na wamisionari wa Labrador vinatumiwa leo na watafiti wa tabianchi. C. G. A. Oldendorp, aliyetumwa visiwani mwaka 1767 kuandika historia ya umisheni, aliwahoji watumwa waliozaliwa Afrika, akaandika namba za kuhesabia na maneno ya lugha zao nyingi. Wanaisimu wanarejea kwake hadi sasa. Na mwaka 1739 Marotta, mama mzee wa ushirika wa St. Thomas, mzaliwa wa pwani ya Popo huko Afrika Magharibi, alimwandikia Malkia wa Denmark akiomba wanawake waachwe wamtumikie Bwana bila kuteswa na wenye mashamba. Barua imebaki katika lugha yake ya Kiafrika pamoja na tafsiri ya Krioli, lugha ya mchanganyiko ya kisiwa. Kamati ilipoijadili barua hii kikao kizima kilipita, na hatujutii.

Lakini karatasi hizohizo zinatushtaki. Wamisionari wa St. Thomas walinunua shamba pamoja na watumwa waliokuwamo. Zinzendorf, alipofika kisiwani mwaka huo wa 1739, aliwaambia watumwa wawatii mabwana zao na kuieleza hali yao kama adhabu iliyopangwa na Mungu. Wapo wanachama walioshauri sehemu hizi zisitafsiriwe. Kamati imekataa. Anayechagua kurasa za kutunza ameacha kutunza, anatunga.

Afrika Kusini inatupa mfano wa utunzaji ambao tunauthamini kuliko yote. Georg Schmidt alifika Cape mwaka 1737, akafanya kazi Baviaanskloof, akabatiza watu wachache, akapingwa na wachungaji wa Cape, na mwaka 1744 akaondoka. Wamisionari walirudi mwaka 1792. Walimkuta Vehettge Tikkuie, aliyebatizwa kwa jina la Magdalena, sasa ajuza, akiwa bado ametunza Agano Jipya alilopewa na Schmidt. Miaka 48 bila mchungaji! Mahali pale pakaitwa Genadendal, na mwaka 1838 pakafunguliwa chuo cha walimu, cha kwanza nchini humo. Nelson Mandela aliipa nyumba yake rasmi ya Cape Town jina hilo mwaka 1995.

Kwetu, wamisionari wanne wakiongozwa na Theodor Meyer walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na kuanzisha kituo cha Rungwe. Mwaka 1898 Wamoravian walipokea Urambo kutoka kwa wamisionari wa London (London Missionary Society), waliokuwa huko tangu 1879. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, na shirika nyingi zikabaki mikononi mwa wazee na wainjilisti wenyeji. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji aliwekwa wakfu kuwa askofu. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na wainjilisti wa Kitanzania wamevuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo. Kwa hiyo sisi pia ni wapelekaji, na vitabu vya shirika hizo changa vinastahili uangalizi uleule.

Niingie sasa kwenye hali ya vitabu. Adui wetu wa kwanza ni unyevu. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na ofisi nyingi za shirika huhifadhi vitabu kwenye kabati la chuma lililosukumwa hadi ukutani, au sanduku lililowekwa sakafuni. Ukuta hupitisha maji, hewa haizunguki, ukungu unaota. Kabati likae angalau sentimita 10 mbali na ukuta, na rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu. Kipima unyevu kisionyeshe zaidi ya asilimia 60 kwa muda mrefu. Kitabu chenye ukungu kitengwe, kikaushwe kivulini penye upepo, kisianikwe juani. Ukungu ukikauka, ufutwe nje ya nyumba kwa brashi laini, mfutaji akiwa amevaa barakoa. Kitambaa chenye maji hakitumiki kabisa, kwa sababu wino wa zamani unachuja.

Adui wa pili, kwa masikitiko, ni watu wenye nia njema. Tumekuta kurasa zilizounganishwa kwa selotepu: gundi yake huwa ya kahawia, huingia kwenye karatasi, na baada ya miaka utepe hubanduka huku doa likibaki. Tumekuta pia vyeti vilivyofanyiwa lamineshini. Karatasi iliyopigwa moto kati ya plastiki mbili haitolewi tena salama. Ukurasa uliochanika uwekwe ndani ya karatasi nyeupe safi iliyokunjwa, uandikwe namba yake kwa penseli, usubiri mtaalamu. Kitabu kilicholegea kifungwe kwa utepe wa pamba, wala si mpira, kwani mpira huyeyuka na kunata.

Wadudu wa karatasi wanauawa bila sumu. Funga kitabu kikavu ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, kiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kitoe na ukiache saa 24 kabla ya kufungua mfuko. Anayefungua mapema hupata maji juu ya kurasa. Umeme ukikatika hadi friza likapoteza ubaridi, hesabu ianze upya.

Kuhusu upigaji picha, makosa yamekuwa mengi kuliko tulivyotegemea. Ukurasa wa A4 unahitaji takribani nukta za picha (pikseli) 2,480 kwa 3,508 ili usomeke vizuri ukikuzwa. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha kwa ukurasa mmoja, haitoshi kwa kurasa mbili zilizofunguliwa pamoja. Piga kila ukurasa peke yake, kamera ikiwa sambamba na kitabu, karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi. Kurasa tupu pia zipigwe, maana bila hizo hatuwezi kujua kama kuna ukurasa uliorukwa. Picha zisitumwe WhatsApp kwa njia ya kawaida kwani zinabanwa na maandishi madogo yanapotea. Zitumwe kama faili la waraka, au ziletwe kwenye flashi ya USB. Jina la faili liwe na ushirika, aina ya kitabu, mwaka na namba ya ukurasa yenye tarakimu nne. Nakala ziwe tatu: moja ushirika, moja wilayani, moja nje ya mkoa. Zifunguliwe zote kila mwaka, kwa kuwa flashi hufa bila kuaga.

Usomaji wa vitabu vya Kijerumani ndio unaotuchelewesha zaidi. Mwandiko wa wakati ule una e inayofanana na n, na u hutofautishwa na n kwa kijikunjo cha juu tu. Majina yaliandikwa kwa sikio la Mjerumani: j ni y, tsch ni ch, na w mara nyingi ni v. Ndiyo maana utakuta Njassa kwa Nyasa na Dschagga kwa Chagga. Anayenakili aandike kwanza kama ilivyo, herufi kwa herufi, kisha pembeni aweke jina kama linavyoandikwa leo. Waliosahihisha moja kwa moja wamezaa watu wawili kutoka kwa mmoja, na kazi yao italazimika kurudiwa.

Tahadhari moja kuhusu faragha. Vitabu vya ubatizo hutaja wazazi na hali ya ndoa, na vya nidhamu hutaja makosa. Kamati inapendekeza kwamba kitabu chenye umri chini ya miaka 100 kisionyeshwe kwa asiye mhusika bila idhini ya wazee wa ushirika. Mkutano utapigia kura pendekezo hili leo.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na hoja zipelekwe kwake.

Kwa mwaka ujao tunaomba jambo moja kutoka kila ushirika: wasifu za marehemu. Kwa sasa husomwa makaburini, kisha karatasi inabaki mfukoni mwa msomaji na kupotea. Mzee wa zamu aombe nakala kabla ya ibada, familia ikiridhia, aandike nyuma kwa penseli jina la ushirika na tarehe ya maziko, na aiweke kwenye bahasha ya mwaka. Tukiweza, tuanze na wazee walio hai: waandike wenyewe, au kijana aandike wanapoamuru, kisha wasomewe na kutia sahihi. Wajumbe wa wilaya wachukue bahasha zao mezani kwa katibu kabla ya chakula cha mchana.

Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate.

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati tendaji