Laptopu inayoisha chaji ikiwa imefungwa

Wateja wengi hutuletea laptopu wakitaka betri mpya. Malalamiko ni yale yale: imefungwa usiku ikiwa imejaa, asubuhi imekutwa haina chaji na ina joto. Kabla hatujafungua skrubu hata moja huwa tunakagua draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya ndani ya mashine, kwa sababu mara nyingi betri haina kosa. Kuna kifaa ndani kilichogoma kulala.

Ukifunga kifuniko, mfumo endeshi (kama Windows) haukati umeme kwa mkupuo. Huiagiza draiva ya kila kifaa, kuanzia Wi-Fi na kamera hadi diski, ijiandae. Draiva husitisha kazi mpya, humalizia zilizokwisha kuanza, huhifadhi mipangilio ya kifaa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), ndipo hukishusha kutoka hali ya D0, yaani umeme kamili, hadi D3. Majina hayo yanatoka kwenye ACPI, kanuni za mwaka 1996 za kusimamia umeme kwenye kompyuta, zinazotumika hadi leo. Zamu nazo hufuatwa: kamera ya USB hulala kabla ya kidhibiti cha USB kinachoibeba, na asubuhi kidhibiti ndicho huamka kwanza.

Kuamka ndiko kugumu zaidi. Kifaa kilichokatiwa umeme kabisa husahau kila kitu, kwa hiyo draiva hukianzisha upya na kukirudishia mipangilio yake. Kadi ya Wi-Fi huenda ikahitaji hata kupakiwa tena programu yake ya ndani. Hatua moja ikirukwa, intaneti haipatikani, sauti inapotea, au skrini inabaki nyeusi huku feni ikizunguka. Ukizima na kuwasha, mambo hutengemaa, maana draiva imeanza kazi upya.

Laptopu nyingi za sasa hutumia Modern Standby: mashine haizimiki kama zamani, inatulia tu. Humo draiva moja korofi inatosha kuikosesha mashine nzima usingizi mzito, na chaji inaishia mkobani.

Kwenye Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike powercfg /sleepstudy. Ripoti itakayotoka huonyesha kilichokula chaji wakati kifuniko kimefungwa. Tuletee pamoja na mashine. Kama umeamua kujaribu mwenyewe, chukua draiva na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako. Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja hatuzipendekezi hata kidogo. Chaji ikiendelea kushuka hata mashine ikiwa imezimwa kabisa, hapo tutaipima betri.