Wananakili gizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu wenzangu, na hasa wale wanaotuandalia semina.

Nafundisha fizikia, huu mwaka wa 19. Shule yetu ilipopata projekta nilifurahi kama mtoto. Nikahamishia notsi zangu zote kwenye slaidi, nikatia rangi, nikatia mishale inayorukaruka. Muhula ulipokwisha nikagundua (aibu yangu naisema mwenyewe) kwamba wanafunzi wanafanya kilekile walichofanya enzi za chaki: wananakili. Tofauti ni kwamba sasa wananakili gizani.

Kilichonigeuza ni somo la jiwe linalobembea kwenye uzi. Darasa zima lilishikilia kwamba jiwe zito hubembea haraka zaidi. Zamani ningewakatiza nikaandika kanuni ubaoni. Safari hii kila kundi la watu sita nililipa uzi, mawe mawili na simu moja, nikaenda kukaa nyuma. Wakarekodi video, kisha wakaisogeza picha moja moja. Kila sekunde ina picha 30, kwa hiyo walihesabu muda ambao jicho haliwahi. Uzi wa mita moja, jiwe kwenda na kurudi: sekunde 2. Jiwe zito: sekunde 2. Wakarudia. Ni zilezile. Kundi moja likamtuhumu mshika simu kwamba anachakachua.

Ndipo mmoja akadai uzi ukikatwa nusu, muda nao utakuwa nusu. Wakakata. Ikaja sekunde 1.4. Kelele za siku hiyo zilimtoa mwalimu wa darasa la jirani! Hakuna aliyegeuka kuniuliza mimi. Waliendelea kufupisha mpaka sentimita 25, ndipo sekunde 1 ikapatikana. Uzi umepungua mara nne, muda mara mbili. Nilipotaja wiki hiyo kwamba muda hufuata kipeuo cha pili cha urefu wa uzi (cha nne ni mbili), hawakukinakili, walikuwa wanakisubiri.

Wapo watakaosema simu darasani ni balaa. Si uongo, kila mtu akiwa na yake. Simu moja kwa watu sita, intaneti imezimwa, ni habari nyingine: huyu anarekodi, yule kashika rula, waliobaki wanabishana, na hakuna mwenye upenyo wa kuchungulia ujumbe. Uhaba wa vifaa tunaoulilia kila siku, hapa ulinifaa.

Natumia pia majaribio ya kwenye kompyuta ya PhET, mradi ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Ni ya bure, na mengi hupakuliwa yakatumika bila intaneti. Pale unaweza kulibembeza jiwe kwa mvutano wa Mwezi. Ila nayaleta baada ya uzi, si kabla. Kwenye kioo mkono hautetemeki, na mwanafunzi ambaye hajawahi kukosea kipimo haelewi kwa nini tunarudia mara tano.

Semina ya mwisho niliyohudhuria ilihusu mbinu shirikishi. Tulikaa muda wa saa tatu tukitazama slaidi 84, bila kugusa hata kitufe. Ombi langu kwa waandaaji: safari ijayo tugaweni makundi, tupeni simu moja moja na swali tusilolijua jibu lake, kisha mkae nyuma. Projekta iacheni hukohuko.

Mwalimu wa fizikia